Nusu Saa Kabla ya Wengine

Haines City, Florida
Jumanne, 14 Januari

Dada Verna,

Kuanzia tarehe mosi Februari, nusu saa ya kuingia mapema katika bustani ya michezo ya Orrin's Landing itakuwa ya wageni wanaolala kwenye hoteli za bustani yenyewe tu. Wenye tiketi za mwaka wameondolewa. Hayo yamesemwa jana saa nane mchana na Bi. Odalys Ferrer, msimamizi wa malango, mbele ya wafanyakazi kumi na wanne, mmoja wao mimi.

Sasa salamu. Habari za huko? Del hajambo? Na mjukuu wenu Junie? Mimi mzima. Goti la kushoto hulalamika asubuhi na kunyamaza ifikapo saa nne. Korongo wawili wamehamia kwenye nyasi za jirani, na wanaligonga gari lake kwa midomo kwa sababu wanajiona kwenye rangi. Jirani ameliandikia barua baraza la mtaa. Korongo wanaendelea.

Kwenye kadi ya Krismasi uliuliza kama ile nusu saa ina faida. Umemuuliza anayejua. Miaka thelathini na minne niliandikia gazeti habari za mahakama na barabara, na tangu nistaafu nafanya kazi asubuhi nne kwa wiki kwenye lango hilohilo. Huku hii ni kazi ya wastaafu. Nusu ya watu wanaokagua tiketi Florida wana meno ya bandia.

Kazi yangu ni kamba. Saa mbili na nusu asubuhi lango hufunguliwa, wageni wa mapema huingia, lakini hawaachiwi wakimbie. Watu wawili tunashika kamba nene ya njano, mmoja kila upande wa njia, tunatangulia, nao wanafuata nyuma yake hadi kwenye Sandhill, ile treni ya reli za mbao inayopanda juu kabisa na kuporomoka kwa kishindo. Tukifika tunailaza kamba chini. Kabla ya hapo haipitwi na mtu.

Nimepima asubuhi tatu, nikiwa na saa ya mkononi na daftari. Anayeingia saa mbili na nusu husubiri Sandhill dakika sita. Anayeingia saa tatu, na watu wote, husubiri ishirini na tano. Tofauti ni dakika kumi na tisa. Ili azipate ameamka saa kumi na moja na nusu na kuwavalisha watoto gizani. Kati ya michezo ishirini na miwili, saa hiyo hufanya kazi saba tu. Asubuhi moja kati ya hizo tatu, Sandhill yenyewe haikufunguliwa hadi saa tatu kasoro dakika kumi, kwa kuwa mafundi walikuwa bado wanaijaribu. Wageni wa mapema walisimama wakiitazama ikipita tupu.

Jibu langu ni hapana. Laleni, mnywe kahawa, mje saa nane mchana wenye haraka wakiwa wamekwisha kuchoka.

Kaka yako,
Garland


Wapakoneta, Ohio
Jumapili, 2 Februari

Kaka Garland,

Huku theluji imefika kwenye sanduku la barua. Bomba la maji la kanisa lilipasuka Ijumaa, kwa hiyo leo tumesali kwenye kituo cha zimamoto. Mchungaji amehubiri akiwa ameegemea gari jekundu, na watu wamemsikiliza kuliko kawaida. Binti yetu Rhonda amebadilishiwa zamu hospitalini, ndiyo maana Junie yuko kwetu siku tano za wiki. Ametimiza miaka saba. Tumempima kwenye mlango wa jikoni: inchi arobaini na nne na robo. Sandhill inataka arobaini na nne. Tangu akiwa na miaka minne Del amekuwa akimwahidi kwamba siku atakapofikisha, watapanda wao wawili, gari la mbele kabisa. Sasa kila asubuhi anamwuliza, "Babu, tumeshafunga mizigo?"

Asante kwa hesabu zako. Ila hukunielewa, sikuulizia dakika. Nataka kujua kutoka langoni hadi kwenye treni ni hatua ngapi. Njia ni tambarare? Kuna mahali inabana? Kuna viti vya kupumzikia? Walio nyuma husukuma?

Usinipigie simu. Nyumba hii ni ndogo na Del husikia kila kitu kinachosemwa jikoni. Andika.

Amepita sasa hivi, anataka kuongeza mstari. Nimefunika sehemu ya juu kwa mkono.

*Shemeji, bado wanakulipa kwa kushika kamba? Huku kwetu tunamfungia ng'ombe, na hatupewi sare. Del*

Umeona alivyo. Hana neno.

Dada yako,
Verna


Haines City
Jumanne, 11 Februari

Dada Verna,

Poleni na theluji. Huku ni joto la kuvaa shati moja. Baraza la mtaa limemjibu jirani kwamba korongo wanalindwa na sheria na gari halilindwi.

Majibu yako. Hatua ni mia sita na kumi na mbili, kwa miguu yangu. Kamba huzimaliza kwa dakika nne. Njia ni tambarare, upana wake futi thelathini, mpaka kwenye daraja la mbao juu ya mfereji, hatua ya mia tatu na themanini. Hapo inabaki futi nane. Watu hubanana. Viti viko tisa, vyote upande wa kulia, na sijawahi kuona mtu amekaa hata kimoja kabla ya saa nne.

Kama husukuma? Nakupa ya jana. Mstari wa mbele kulikuwa na ukoo mmoja kutoka Tennessee, watu tisa, fulana za kijani zimeandikwa jina lao. Mama mwenye ukoo akawa anampanga mumewe.

"Clint, unaiona kamba? Ikigusa chini, wewe ndiye mguu wa kwanza."

"Mpenzi, sijala kitu."

"Utakula ukishashinda. Bibi atabeba mkoba, mimi nabeba mtoto, wewe umebeba jina la ukoo mgongoni."

"Na nikianguka?"

"Tutakuruka."

Ndivyo walivyo wote, wawe na fulana au wasiwe nazo. Kukimbia kumekatazwa, basi wanatembea kama watu waliofukuzwa na nyuki. Mtoto mmoja wa kigari alinikanyaga kisigino kwa magurudumu mara tatu. Mama yake alisema "samahani" mara moja, kwa zote.

Lingine. Nimeusoma mstari wa Del. Ninayo kadi yenu ya Krismasi ya miaka mitatu iliyopita, na pale jina lake peke yake lina upana wa inchi mbili. Sasa herufi zinaanza ndogo na kuzidi kupungua, hata jina lake mwishoni nimelisoma kwa kioo cha kukuzia. Nimewahi kuuona mwandiko wa namna hiyo mara moja, kwa jaji mmoja wa Bartow. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson.

Nakuuliza wazi. Del anaumwa nini?

Garland


Haines City
Jumatatu, 10 Machi

Dada Verna,

Ni siku ishirini na saba tangu nikuandikie. Posta ya Wapakoneta inafanya kazi, nimewauliza.

Natumaini theluji imeyeyuka, kanisa lina maji na Junie hajaacha kukua. Mimi mzima. Korongo wametaga mayai mawili karibu na mlango wa gereji ya jirani, na sasa anaegesha gari barabarani.

Nilipokuwa nikimwuliza mtu swali kwenye ngazi za mahakama naye akanyamaza, niliandika kwamba hakukanusha. Nakupa wiki mbili nyingine.

Garland


Wapakoneta
Jumamosi, 29 Machi

Kaka Garland,

Umezipitisha wiki mbili kwa siku tano na hukuandika. Hiyo kwako ni huruma, nimeitambua.

Wote wazima, isipokuwa unayemjua. Ni Parkinson. Mwezi huu umetimiza miaka miwili tangu daktari aseme. Anajua Rhonda, najua mimi, na sasa wewe. Junie hajui. Anadhani babu yake anatembea polepole kwa sababu anawaza.

Nikueleze jinsi ilivyo, maana najua utauliza. Anameza dawa saa moja na robo asubuhi. Saa mbili miguu inakuwa yake tena, na inakuwa yake hadi saa tatu na nusu. Baada ya hapo anaburuza. Dawa ya mchana haifanyi kazi kama ya asubuhi, kwa hiyo saa nane yako haitufai. Kwenye njia iliyo wazi anatembea vizuri, anajihesabia chinichini, moja mbili, moja mbili. Lakini akisukumwa kwa nyuma, au mahali pakibana, miguu inaganda sakafuni kama imepakwa gundi, na hawezi kuinyanyua hata ungemwambia nyumba inaungua. Januari ilimpata kwenye mlango wa duka la vifaa vya shamba. Mtu wa nyuma yake akasema, "Mzee, ni leo au kesho?" Del akamjibu, "Nangoja unifungulie." Mlango wenyewe ulikuwa ule unaojifungua.

Nilimwambia kwamba bustani ina viti vya magurudumu, na kuna kadi ya watu wenye shida ya kusimama, na wanaoitumia hawaoni aibu. Alikuwa anamenya viazi.

"Verna," akasema, "kiti nitakikalia. Nitakikalia siku ya pili, na ya tatu, na miaka yote itakayobaki. Siku ya kwanza naingia kwa miguu yangu."

"Na ukiganda njiani?"

"Basi nitaganda nimevaa viatu vizuri."

"Na huko juu kwenye treni?"

"Huko nitakuwa nimekaa. Kukaa najua."

Daktari alimwuliza, "Nikikwambia usipande, utanisikia?" Del akasema hapana. Daktari akasema, "Basi panda gari la mbele, halirushi sana kama la nyuma." Ndiyo maana ile nusu saa, Garland. Niliona kwenye tangazo watu wachache, asubuhi, njia nyeupe. Nikadhani imetengenezwa kwa ajili ya Del.

Nimeshalipia. Tunafika Jumatatu tarehe 2 Juni na tutaingia bustanini Jumanne tarehe 3, shule zikiwa zimefungwa. Rhonda hakupata ruhusa, tutakuwa watatu. Hoteli inaitwa Orrin's Gateway Inn, usiku tatu, na dirishani unaiona Sandhill. Nimechapisha fulana tatu za bluu zenye jina la ukoo wetu: STUCKY, GARI LA MBELE.

Verna


Haines City
Jumanne, 8 Aprili

Dada Verna,

Hoteli ya Orrin's Gateway Inn si mali ya bustani. Iko ng'ambo ya barabara na mwenyewe ni daktari wa meno wa Tampa. Jina linaruhusiwa kisheria. Niliwahi kuandika habari ya kesi ya jina hilo. Kila asubuhi saa mbili na nusu familia tatu au nne huja na funguo za hoteli hiyo, zimevaa fulana. Wananionyesha dirisha lao. Ninawaonyesha mahali pa kusubiri hadi saa tatu. Juzi baba mmoja alisema, "Lakini naiona treni kutoka kitandani!" Nilimwambia hata mimi mwezi nauona.

Usilie, kuna njia. Haki ya kuingia mapema huanza asubuhi ya siku ya kufika, hata kama chumba hakijawa tayari. Lala kwa yule daktari Jumatatu. Kisha futa siku mbili zilizobaki kwake na ukodi hoteli ya bustani yenyewe, inaitwa Lakeside, kuanzia Jumanne tarehe 3. Asubuhi hiyohiyo utakuwa mgeni wao. Watu hawaijui njia hii kwa sababu imeandikwa chini ya ukurasa.

Pole kwa habari ya Del. Nilikuwa nayo tangu Februari lakini kuisoma kwa mwandiko wako ni kitu kingine.

Ushauri wangu haujabadilika, na sasa nina sababu. Tangazo limekuonyesha watu wachache. Ni mia nne, Verna, na ni wale mia nne walioamka gizani ili wampite mwenzao. Wanaoingia saa nane mchana wanakula barafu ya sukari na kuangalia bata. Kwa mtu ambaye miguu yake hugoma akisukumwa, hakuna mahali pabaya Florida nzima kuliko nyuma ya kamba saa mbili na nusu. Mwambie.

Kama hasikii, awe mbele kabisa, katikati ya njia. Mfike langoni saa mbili kasoro dakika kumi. Wewe kaa nyuma yake na huo mfuko wako mkubwa, uwe ukuta.

Jumanne si zamu yangu. Nimebadilishana na mwenzangu Hoyt. Nimempa Sikukuu ya tarehe Nne Julai, siku ambayo hakuna mtu hapa anayeitoa. Akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia bado.

Salamu kwa Junie.

Garland


Wapakoneta
Jumanne, 20 Mei

Kaka Garland,

Sisi wazima, mahindi yamechipua, na Junie amepoteza meno mawili ya mbele wiki moja. Kwenye picha za treni atakuwa na pengo.

Nimekodi Lakeside kuanzia tarehe 3. Nilikaa kwenye simu dakika hamsini na moja na nimekariri muziki wao wote. Binti aliyenihudumia aliuliza kama tunasherehekea kitu. Nikasema ndiyo. Akauliza nini. Nikasema Jumanne.

Nilimwambia Del uliyosema, neno kwa neno, hata bata. Akasema, "Mwambie shemeji, watu mia nne si wengi. Kwenye harusi yake walikuwa mia tano na wote walikuwa wanamsukuma." Kila asubuhi anakwenda kwenye zizi la maonyesho ya kaunti, wakati huu liko tupu, anatembea huku na huku kufuata mstari mweupe wa sakafuni. Jumamosi alimaliza hatua mia saba bila kusimama. Nilikuwa nimejificha garini, nikazihesabu.

Kwenye mlango wa zizi, hapo panapobana, alisimama dakika tatu, kisha akanyanyua mguu juu, akauruka mstari na kupita. Hilo hakuniambia.

Rhonda ananipigia kila siku aniulize kama nina akili timamu. Nakuuliza na wewe. Nimwache aende?

Verna


Haines City
Jumatatu, 26 Mei

Dada Verna,

Mwache.

Vifaranga vya korongo vilianguliwa mwezi uliopita, viwili. Mje na kofia.

Garland


Wapakoneta
Jumapili, 8 Juni

Kaka Garland,

Tumefika salama jana jioni. Del alilala kuanzia Georgia hadi Kentucky. Siku ya pili na ya tatu alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kama alivyosema, na hakunung'unika. Junie ndiye aliyekisukuma. Amewagonga watu wanne na kuomba radhi kwa wawili, anasema wale wengine walistahili.

Sasa nina neno nawe. Ile Jumanne ulinipanga nyuma nikiwa na mfuko, nikawa ukuta, na ukuta hauoni kitu. Watu walijipenyeza kati yetu mapema, nikabaki nyuma, nikaona migongo. Niliona kofia ya Del. Tulipofika darajani kila kitu kikasimama, nikasikia watu wanalalamika, mmoja nyuma yangu akasema ataandika malalamiko na akataka kalamu kwangu, mimi! Kisha tukasogea tena. Nilipofika kwenye treni wao walikuwa wameshapanda na nilichokiona ni mikono minne hewani.

Nimemwuliza Del nini kilitokea pale. Anasema, "Tulitembea." Nimemwuliza Junie. Anasema, "Ilikuwa sawa, Bibi." Wewe ulikuwa mbele. Niandikie kama ulivyokuwa ukiandika gazetini, na usinihurumie.

Na kwa nini hukula nasi chakula cha mchana? Ulisema umeitwa ofisini. Umeitiwa nini?

Verna


Haines City
Alhamisi, 12 Juni

Dada Verna,

Kamba ya Jumanne tarehe 3 Juni ilifika Sandhill saa mbili na dakika arobaini na moja, ikiwa imechelewa dakika saba, kwa mujibu wa taarifa ya Bi. Ferrer iliyonifikia jana. Wageni kumi na tisa wameandika malalamiko. Mmoja ameandika kwa kalamu yako, nadhani, kwa kuwa wino ni wa zambarau.

Nafurahi mmefika salama. Goti halina jipya.

Haya ndiyo yaliyotokea. Lango lilifunguliwa saa mbili na nusu kamili. Mimi nilishika kamba kushoto, na kulia alikuwa Bi. Imelda Quiles, ambaye alifundisha hesabu miaka thelathini kule Ponce. Del alikuwa katikati, Junie mkono wake wa kulia. Sikuwa nimemwona miaka minne. Amekonda. Viatu vilikuwa vizuri.

Nilianza kutembea nusu ya mwendo wangu. Bi. Quiles alinitazama, akatazama saa yake, akapunguza na yeye, kwa sababu kamba ikienda mshazari watu huponyoka upande wa mbele.

Del akasema, "Shemeji, unatembea kama mzee."

Nikasema, "Nalipwa kwa saa."

Baada ya hapo akaanza kuhesabu. Nilisikia moja mbili yake na nikatembea kwa hiyo. Hatua za Bi. Quiles nazo zikaifuata, sikumwambia kitu. Walio nyuma walianza mapema. "Mbele kuna nini?" "Kuna mazishi?" "Jamani, hii ni ya mapema au ya kuchelewa?" Lakini hakuna aliyemsukuma Del, maana mbele ya Del kulikuwa na kamba, na kumsukuma hakukumpa mtu faida yoyote. Hilo sikulijua Aprili nilipokushauri. Nimeshika kamba hiyo miaka mitano nikidhani kazi yake ni kuwazuia wenye haraka. Mahali pengine popote katika bustani ile wangempita kushoto na kulia.

Kwenye ubao wa kwanza wa daraja akaganda. Hakuyumba, hakutetemeka. Kiwiliwili kilikuwa kinakwenda, viatu vimebaki. Nikasimama. Bi. Quiles akasimama. Watu mia nne wakasimama.

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya besiboli akapaza sauti, "Babu, songa! Watoto wanangoja!"

Del akamwambia bila kugeuka, "Kamba haijasonga."

Yule mtu akanigeukia mimi. "Wewe wa kamba, tatizo nini?"

Nikamwambia daraja linakaguliwa. Nikautazama ubao. Bi. Quiles akautazama wa upande wake. Tuliukagua kwa dakika mbili na sekunde kumi na tano, yeye ndiye aliyepima.

Junie akamgeukia yule mtu. "Babu yangu ndiye wa kwanza," akasema. "Wewe ni wa pili. Kuwa wa pili si vibaya." Kisha akamwambia Del, kwa sauti ndogo, na ninakuandikia kama nilivyosikia: "Babu, ruka mstari kama kule kwenye zizi."

Kwa hiyo anajua, Verna. Sijui tangu lini. Nadhani wewe hukuwa peke yako uliyejificha garini.

Kati ya mbao za daraja kuna nyufa. Del alizitazama. Alinyanyua mguu wa kulia juu sana, kama mtu anayeruka dimbwi, akauweka ng'ambo ya ufa wa kwanza. Kisha wa kushoto. Nyufa ziko arobaini na moja, na alizivuka zote hivyo. Walio nyuma wakadhani ni mchezo. Watoto wa mstari wa pili wakaanza kuruka na wao, kisha baba zao. Ulikuwa mbali, ndiyo maana hukuona. Watu kama sitini walivuka daraja lile wakinyanyua magoti.

Tulipofika tuliilaza kamba. Del na Junie walisubiri dakika sifuri. Kabla hajapanda aliniambia nisimweleze mtu kwamba tulichelewa kwa ajili ya mgonjwa. "Hakukuwa na mgonjwa pale," akasema. Nikamwambia sikumwona. Sura yake akiwa juu sikuiona pia, jua lilikuwa machoni. Sauti niliisikia. Nimemjua miaka arobaini na tano na sikujua kwamba ana sauti ile.

Nusu saa yenyewe iligeuka dakika kumi na tisa kwa kila mgeni. Swali lako la Krismasi siwezi tena kulijibu kwa hesabu.

Ofisini niliitiwa hivi. Kamba ikichelewa zaidi ya dakika tano, aliyeiongoza hujaza fomu. Bi. Ferrer si mtu mbaya. Alinionyesha yeye mwenyewe kwamba nikiandika "mgeni mgonjwa" jambo linaishia hapo, na nisipoandika sababu linakwenda kwenye kikao, na kwenye kikao mtu wa miaka yangu anaweza kuambiwa apumzike nyumbani.

"Garland," akasema, "wewe ulikuwa mwandishi wa habari. Andika tu kwa nini."

Nimeandika tarehe, saa, jina langu na idadi ya wageni. Bi. Quiles amesaini kama shahidi na kurekebisha hesabu yangu moja. Nafasi ya sababu nimeiacha wazi. Kikao ni Jumanne tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, ofisi ya lango la kaskazini.

Kaka yako,
Garland